Majeruhi wa Vita Uwanjani: Kutoka Mpaka wa Tunduma hadi London

Vita vilipita katika ardhi ya Songwe miaka mingi kabla Songwe haijawa mkoa. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1918, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck lilikatiza nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga likikimbia majeshi ya Waingereza yaliyolifuata nyuma. Likavuka mpaka, likaishambulia Fife, ngome ya Waingereza iliyokuwa mwendo mfupi kutoka ilipo Tunduma ya leo, kisha likashika njia ya Kasama. Lilipofika Mto Chambeshi ndipo likapata habari kwamba huko Ulaya vita vimesimamishwa. Tarehe 25 Novemba 1918 lilisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia.

Wengi katika msafara ule walikuwa Waafrika: askari waliobeba bunduki na wapagazi waliobeba kila kitu kingine. Jeshi la namna hiyo, lisilo na makazi wala gari, halikuwa na nafasi ya mtu asiyeweza kutembea. Mwaka mmoja kabla ya hapo, lilipokuwa likijiandaa kuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, mamia ya wagonjwa na majeruhi waliachwa nyuma ili wachukuliwe na adui. Aliyepona jeraha alirudi kijijini kwake na mguu mmoja au mkono mmoja, na hapo jeshi lilikuwa limemalizana naye. Jamaa zake ndio waliobaki na kazi ya kumtunza.

Ndivyo majeruhi wa vita alivyotazamwa karibu duniani kote wakati ule. Alionewa huruma, labda alipewa senti chache, lakini hakuna aliyetazamia afanye jambo lolote kubwa tena. Historia ninayoisimulia hapa ni ya namna mtazamo huo ulivyovunjwa. Ilianzia katika wodi moja ya hospitali Uingereza, ikapita Nyasaland na Rwanda, na inatudai jambo sisi wa Tanzania.

Wodi ya Stoke Mandeville

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw chini ya mvua kubwa za monsuni, kwenye matope yaliyomeza magari. Mwezi Desemba ikafika Mto Chindwin na kuuvuka. Ndani ya divisheni hiyo walikuwamo vijana wa Tanganyika, sehemu ya zaidi ya watu 80,000 wa nchi yetu walioingia jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Walimtumikia mfalme yuleyule wa Uingereza, na risasi ziliwajeruhi kama zilivyowajeruhi Waingereza.

Tarehe 1 Februari mwaka huohuo, katika hospitali ya Stoke Mandeville, kaskazini-magharibi mwa London, ilifunguliwa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo. Msimamizi wake alikuwa Ludwig Guttmann, daktari wa mishipa ya fahamu, Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 pamoja na familia yake. Alikabidhiwa wagonjwa ambao madaktari wengi walikwisha kuwakatia tamaa. Aliyepooza kuanzia kiunoni hakutazamiwa kuishi zaidi ya miezi michache, au miaka miwili akibahatika. Kilichomuua mara nyingi hakikuwa jeraha lenyewe. Kilikuwa vidonda vya kulala upande mmoja kwa muda mrefu na maambukizi ya njia ya mkojo.

Guttmann alianza na jambo dogo lenye kudai bidii. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, naye mwenyewe alikuwa akizunguka wodini usiku kuhakikisha kwamba amri yake inafuatwa. Vidonda vikakauka na vifo vikapungua. Hapo likazuka swali gumu zaidi: kijana wa miaka 22 ambaye hatakufa tena, lakini hatatembea tena, ataishi kwa ajili ya nini?

Jibu lake lilikuwa kazi na michezo. Wagonjwa walijifunza useremala na kupiga taipu, na jioni walicheza. Walianza na polo ya viti vya magurudumu, wakipiga kwa fimbo za kutembelea, kisha ikaja netiboli, tenisi ya meza na upinde. Upinde ulipendwa kwa sababu za kitabibu. Unajenga misuli ya mikono, mabega na mgongo, ambayo aliyepooza miguu huitegemea kujiinua kitandani na kusukuma kiti chake. Tena ni mchezo ambao mtu aliyekaa anaweza kushindana na aliyesimama bila kupendelewa.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann alipanga mashindano yake kwenye nyasi za hospitali. Washiriki walikuwa 16 tu, wanaume 14 na wanawake 2, wote watu wa jeshi waliojeruhiwa. Walipiga upinde, timu ya hospitali yake ikipambana na wenzao wa makazi ya askari walemavu ya Star and Garter. Hata hivyo Guttmann aliichagua tarehe ile kwa makusudi. Alikuwa akisema wazi kwamba iko siku walemavu watakuwa na michezo yao yenye hadhi ya Olimpiki. Mwaka 1952 wakaja askari wa Uholanzi, na mashindano ya hospitali yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yakahamia Roma, yakiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Michezo hiyo ya Roma ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Mwalimu kutoka ng'ambo ya Mto Songwe

Katika habari za Roma kuna jina moja ambalo msomaji wa Ileje anapaswa kulijua. Margaret Maughan alikuwa mwalimu Mwingereza aliyefundisha Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi na ambayo Mto Songwe ndio unaoitenganisha na Ileje. Mwaka 1959 alipata ajali ya gari huko, akapooza miguu, akarudishwa Uingereza na kulazwa Stoke Mandeville. Hakuwa askari, ila tiba iliyomwokoa ilikuwa imegunduliwa kwa ajili ya askari. Huko wodini alipewa upinde kama sehemu ya matibabu yake.

Mwaka uliofuata alikuwa Roma. Alipomaliza kupiga mishale yake hakujua amepata alama ngapi, akapakiwa kwenye basi kurudi kambini. Maofisa wakaanza kumtafuta wakamkuta garini. Alikuwa ameshinda dhahabu, ya kwanza kabisa kwa Uingereza katika Paralimpiki, na ikabidi ateremshwe ili akapokee medali. Miaka 52 baadaye, tarehe 29 Agosti 2012, Margaret Maughan ndiye aliyewasha mwenge wa Paralimpiki ya London.

Kisa chake kinaonyesha jinsi uwanja uliobuniwa kwa ajili ya majeruhi wa vita ulivyogeuka kuwa uwanja wa kila mlemavu. Mwaka 1976, mjini Toronto, waliokatwa viungo na wasioona walikaribishwa rasmi kushiriki pamoja na wale wa viti vya magurudumu. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa Afrika, ambako mabomu ya kutegwa ardhini yalikuwa yakikata miguu ya askari na wakulima bila kubagua.

Kagera na miaka ya ukimya

Kenya na Uganda ziliingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1972, Heidelberg, Ujerumani Magharibi. Tanzania haikuwepo. Kisha, mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliongezewa maelfu ya wanamgambo kutoka mikoa yote. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mapigano yakawa yamekwisha.

Taifa halikuwasahau waliokufa. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai viongozi huweka mkuki, ngao na mashada ya maua kwa heshima yao. Hilo ni jambo jema na lidumu. Lakini kulikuwa na waliorudi hai wakiwa na majeraha ya kudumu, na kwao hatukuwa na siku wala uwanja. Tanzania ilipeleka mwanamichezo wake wa kwanza Paralimpiki mwaka 1992, Barcelona, miaka 13 baada ya vita vya Kagera. Baada ya hapo haikuonekana tena hadi Athens mwaka 2004, na hadi leo haijapata medali hata moja katika michezo hiyo.

Maadui wawili, timu moja

Nchi ya jirani iliyotuonyesha njia ilikuwa imeumia kuliko zote. Vita vya Rwanda vilianza Oktoba 1990, pale waasi wa RPF walipovuka mpaka kutoka Uganda. Mkataba wa amani ulitiwa saini kwetu Arusha tarehe 4 Agosti 1993, lakini Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari. Vita vilipokwisha mwezi Julai, nchi ilibaki na mayatima, wajane, na watu wengi mno waliokatwa viungo kwa mapanga, risasi na mabomu.

Dominique Bizimana alipigana upande wa RPF akiwa bado kijana mdogo, na akapoteza mguu vitani. Jean Rukondo alikuwa askari wa jeshi la serikali, akakanyaga bomu la ardhini, naye akapoteza mguu. Katika vita vile kila mmoja angemuua mwenzake iwapo wangekutana porini. Walikutana baadaye kwenye sakafu ya ukumbi, wakicheza mpira wa wavu wa kukaa.

Mchezo huo ulianzia Uholanzi mwaka 1956. Uwanja wake ni mdogo, mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume una kimo cha mita 1.15. Wachezaji sita wa kila upande hukaa sakafuni na kusogea kwa kusukuma mikono, na sheria inataka makalio yaguse sakafu wakati wa kupiga mpira. Miguu bandia huvuliwa na kuwekwa kando. Hakuna anayeficha alichopoteza, na kwa kuwa hakuna anayeweza kukimbia kuwahi mpira ulio mbali, kila mmoja analazimika kumwita mwenzake na kumwamini. Bizimana na Rukondo walilazimika kusemezana katika kila pigo. Kazi ambayo ingeweza kuchukua mikutano mingi ya upatanisho ilifanyika mazoezini, siku baada ya siku, hadi wakawa marafiki.

Rwanda haikuishia hapo. Katika Paralimpiki ya Athens, Jean de Dieu Nkundabera alishika nafasi ya tatu katika mita 800 na kuipatia nchi yake medali ya kwanza. Bizimana akawa rais wa kamati ya Paralimpiki ya Rwanda huku akiendelea kucheza. Mwaka 2012 timu yao ya wanaume ikafika London, timu ya kwanza ya mpira wa wavu wa kukaa kutoka Afrika kusini mwa Sahara kushiriki Paralimpiki.

Walipangwa kundi moja na Iran na Bosnia na Herzegovina. Kwa mwenye kuijua historia, kundi hilo lilikuwa zito. Iran ilijenga ubingwa wake juu ya majeruhi wa vita vyake na Iraki vya 1980 hadi 1988, na ilianza kutwaa dhahabu Seoul, katika mwaka uleule vita vilipomalizika. Bosnia iliunda timu yake na watu walioumizwa katika vita vya 1992 hadi 1995, na mwaka 2004 ikawa bingwa. Mataifa hayo mawili ndiyo yaliyokutana katika fainali ya London, na Bosnia ikashinda. Rwanda ilishika mkia katika kundi lile, kama ilivyotazamiwa, lakini katika mchezo wake wa mwisho iliishinda Morocco na kumaliza nafasi ya tisa kati ya timu kumi. Wanawake wa Rwanda nao wakafika Rio mwaka 2016, Tokyo, na kisha Paris mwaka 2024.

Mataifa haya matatu yana lugha tofauti na utajiri usiolingana. Kinachofanana ni kwamba yalimchukua mtu aliyeumia vitani, yakampa mpira, kocha na jezi ya taifa.

Kamera inapofuata

Filamu za makala zimeifikisha historia hii kwa watu ambao wasingeisoma. Rising Phoenix, iliyotoka mwaka 2020, inaeleza safari ya Paralimpiki tangu siku za Guttmann. Mmoja wa watu wake ni Jean-Baptiste Alaize, mzaliwa wa Burundi aliyekatwa mguu kwa panga akiwa mtoto wa miaka mitatu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alilelewa na familia ya Ufaransa, akawa mruka mbali wa nchi hiyo. Mwaka 2023 ikaja Heart of Invictus, mfululizo ulioongozwa na Orlando von Einsiedel, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza Virunga, filamu ya walinzi wa hifadhi ya mashariki mwa Kongo. Mfululizo huo unawafuata askari majeruhi wanaojiandaa kwa Michezo ya Invictus, iliyoanzishwa London mwezi Septemba 2014 na Mwanamfalme Harry, ambaye mwenyewe alipigana Afghanistan.

Mwaka 2023, Düsseldorf, Nigeria ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki Invictus. Askari wake Peacemaker Azuegbulam, aliyepoteza mguu akipigana na waasi kaskazini-mashariki mwa nchi yake, alishinda dhahabu ya kunyanyua vitu vizito. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata kabla yake.

Ninachokiheshimu katika filamu hizo ni kwamba haziwaombei watu wao huruma. Zinawaonyesha wakitoka jasho, wakikasirika, wakishindwa na kurudi tena mazoezini. Mtazamaji huanza kwa kuuona mguu uliokatika, na baada ya muda anajikuta anafuatilia matokeo.

Deni letu

Tanzania ina majeruhi wapya. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur na wengine 17 wakajeruhiwa. Mwaka huohuo JWTZ liliingia katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu ya Semuliki, karibu na Beni, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Askari wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio hilo na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Taifa liliyapokea majeneza kwa machozi. Majeruhi wana miaka mingi mbele yao, na miaka hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Songwe ina sababu yake ya ziada ya kusikiliza. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, unabeba barabara kuu ya Zambia, na malori ya nchi nyingi hupita hapa kwenda na kutoka Tunduma. Kila anayeishi Mbozi anaujua Mlima Senjele na ajali zake. Madereva, utingo, abiria na waendesha bodaboda wamekatwa miguu na kuvunjika migongo kwenye barabara hiyo, wakiwa na umri uleule wa wale vijana wa Stoke Mandeville. Kama ilivyokuwa kwa Margaret Maughan, uwanja utakaojengwa kwa ajili ya askari utawafaa na wao.

Tusiambiwe kwamba hatuwezi. Jeshi letu limekuwa likilea wanariadha kwa vizazi: Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, Juma Ikangaa aliyeshinda New York Marathon mwaka 1989, na Alphonce Simbu aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025. Michezo ya dunia ya majeshi iliingiza mashindano ya askari wenye ulemavu tangu mwaka 2015, Mungyeong, Korea Kusini, kwa hiyo mlango upo. Katika soka, Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya wachezaji wenye mguu mmoja wanaocheza kwa magongo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia Uturuki mwaka 2022. Hao walifika huko nchi nzima ikiwa haijawaunga mkono hata nusu ya inavyoiunga mkono Simba au Yanga.

Naliomba JWTZ na Baraza la Michezo ya Majeshi liwaite majeruhi wake wa Darfur na Kongo na kuwaundia timu ya mpira wa wavu wa kukaa, mchezo unaohitaji sakafu laini, wavu na mpira. Naziomba halmashauri za Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zitenge saa za wenye ulemavu katika viwanja vyao, na hospitali zimwelekeze uwanjani kila anayetoka wodini bila mguu. Nawaomba watengeneza filamu wetu waanze kurekodi sasa, maana askari wa Kagera waliobaki ni wazee na kila mwaka wanapungua. Nawe msomaji, ukisikia kuna mechi ya walemavu karibu nawe, nenda ukaitazame, ulipe kiingilio, ushangilie. Taifa linalomzika shujaa wake kwa mizinga lina wajibu uleule kwa shujaa aliyerudi na mguu mmoja, naye bado yuko hai kudai haki yake.